Nani Aikasirikie Mvua?

Kila Jumanne, maduka ya Kutaisi yakishafungwa,
naandika kuhusu milango.
Ule wa bluu, nyuma ya soko,
kitasa chake kimelambwa na viganja vya miaka themanini;
ule wa mshona viatu, wenye tundu alilotoboa
ili paka apite bila kuomba ruhusa.
Naandika, naweka picha, naachilia.
Kisha nakaa na chai, nahesabu.

Mioyo kumi na minane. Vidole gumba vinne.
Shangazi Tsiala na uso wake wa kucheka,
hata nilipoandika juu ya mlango ulioungua,
maana yale machozi anayaona, kicheko hakioni.
Na mwisho wa safu, kama kaa lililosahauliwa jikoni,
uso mmoja mwekundu, nyusi zimekunjwa.
Guram Tsertsvadze. Hana picha. Hana neno.

Mara ya kwanza nikasema labda nimekosea mwaka.
Nikapekua, nikasahihisha.
Mara ya pili nikafuta neno "chakavu".
Ya tatu nikamwondoa mjomba aliyelewa akalala kizingitini,
kisa nilichokipenda kuliko vyote.
Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga.
Hawakuona kinavyovunja usingizi.

Novemba nikaiacha milango.
Nikaandika juu ya mvua tu,
inavyoingia mto Rioni bila hodi.
Mistari sita. Humo hamna wa kuudhiwa.
Uso mwekundu ukaja kabla chai haijapoa.

Nani aikasirikie mvua?

Nilimkuta kwenye foleni ya jibini.
Muuzaji alimwita kwa jina, nami nikageuka,
maneno yote niliyoyafuta yamenijaa mdomoni.
Mzee mfupi ndani ya koti la mtu mrefu.
Sarafu zilikuwa zinalia kiganjani mwake,
zinalia kwa sababu mkono haukutulia,
ulitikisika kama kifuniko cha sufuria inayochemka.
Muuzaji alichagua mwenyewe zilizo zake,
akamfunika vidole juu ya zilizobaki.
Nikataja jina langu.

"Wewe ndiye wa milango!"
Akaanza kunisomea, pale pale, watu wakisubiri,
sentensi yangu ya kitasa, bila kuruka neno.
Akauliza mjomba amekwenda wapi,
yule mlevi: asubuhi alikuwepo, jioni hayupo.

"Na moyo wangu, huwa unakufikia?
Naubonyeza, navuta, mkono unakwenda unakotaka,
macho nayo ndiyo haya. Lakini naona chekundu,
basi najua umefika."

Nikaitazama jibini.
Umefika, nikasema.
Umefika, bwana Guram, kila Jumanne.

Tangu hapo ile mioyo kumi na minane
naipitia kama mtu anayekunja risiti,
shukrani, shukrani, wala sidharau,
nikitafuta kaa langu mwisho wa safu.

Mpaka juzi.
Nilikuwa nimemrudisha mjomba kizingitini, na chupa yake.
Chai ikapoa, ikapiga utando.
Kisha jina likatokea, na kando yake moyo:
safi, umenyooka, hauna kosa lolote.

Nikatafuta namba aliyonipa muuzaji wa jibini,
kiatu kimoja tayari mguuni.
Akapokea mjukuu, Nutsa.
Yupo, akasema, anakunywa supu,
leo kachoka kidogo, nimembonyezea mimi.
Kwani kuna tatizo?

Hakuna.
Nyuma yake nikasikia kijiko
kikigonga ukingo wa bakuli,
kikigonga, kikigonga,
nikakaa na simu sikioni,
na kile kiatu kimoja,
nisitake kukata.